VM zinaganda, stoeji inapotea: kagua mtandao kabla hujailaumu diski

Kila anayesimamia seva za VM (kompyuta pepe zinazoendeshwa ndani ya seva halisi, na seva hiyo halisi ndo hosti) ameshapigiwa simu ya "mfumo umeganda". Unaingia vCenter au Proxmox, programu za kusimamia hosti na VM, unakuta hosti ziko kijani, CPU imetulia, RAM ipo ya kutosha, ila VM haziitikii, ukifungua konsoli skrini imesimama pale pale. Wengi hapo wanakimbilia kuristati VM, haisaidii, wanaristati hosti, haisaidii, wanaenda kuzima stoeji yenyewe na hapo ndo data inaanza kuharibika kweli. Msimamo wangu ni kwamba kama hosti zako zinatumia diski ya pamoja kupitia waya, basi shuku waya na mipangilio yake kwanza, diski baadaye. Trafiki ya diski haina uvumilivu. Ukurasa wa wavuti ukipoteza pakiti mbili tatu mtumiaji hata hajui, lakini VM inayoandika kwenye diski inasubiri kuthibitishiwa kile ilichoandika, na uthibitisho usipokuja inasimama.

Tuwekane sawa kwenye majina, maana ukipiga simu sapoti wataongea haya tu. Stoeji ya pamoja inakuja kwa njia mbili, kuna inayokupa bloku, yaani hosti inaiona kama diski tupu na inaipanga yenyewe, na kuna inayokupa mafaili tayari. iSCSI ni bloku zinazosafiri juu ya TCP/IP ya kawaida, poti 3260. Fibre Channel nayo ni bloku lakini ina swichi zake na kadi zake. NFS ni mafaili, poti 2049. Upande wa hosti unaitwa inishieta, ndo unaoomba, upande wa stoeji unaitwa tageti, ndo unaotoa, na kipande cha diski unachopewa kinaitwa LUN. Kwenye iSCSI kila upande una jina lake la IQN, linaanzia na iqn halafu mwaka na mwezi, mfano iqn.1998-01.com.vmware na kuendelea. Njia ni safari nzima kutoka poti ya hosti kupitia swichi hadi poti ya stoeji, na ukiwa na njia zaidi ya moja kwenda LUN ile ile hiyo ndo multipathi. Mengine tutayakuta mbele.

"Stoeji naiona, ila nikitaka kuitumia inaganda"

Hii ndo inakula muda wa watu kuliko zote. Umeweka anwani ya tageti, hosti imelogi vizuri, umeskani upya na LUN imetokea na saizi yake sahihi, halafu unabonyeza kutengeneza datastoo, yaani sehemu ya kuhifadhia VM, na kazi haiishi, dakika zinaenda. Au datastoo inatengenezeka ila ukianza kukopi VM kubwa inakufa mwanzoni kabisa. Ping ya kawaida inajibu safi.

Cheki MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ambayo poti inakubali kuipitisha. Kawaida ni baiti 1500, watu wa stoeji wanapenda kuipandisha hadi 9000 na hizo ndo zinaitwa jumbo fremu. Kulogi kwenye tageti kunatumia pakiti ndogo kwahiyo zinapita zote, kukopi data kunajaza pakiti mpaka ukingoni, na pakiti iliyojaa ikikuta swichi katikati imebaki 1500 inatupwa. Na hapa kuna kitu wengi wanakichanganya. Kama hosti iko 1500 na stoeji iko 9000, TCP za pande zote mbili zinaelewana mwanzo wa mazungumzo zitumie saizi ndogo, mambo yanaenda. Balaa ni pale ncha zote mbili ziko 9000 halafu swichi ya katikati ndo iko 1500, kwasababu swichi ya leya ya 2 haifanyi kazi kama ruta, hairudishi ujumbe kwamba pakiti ni kubwa mno, inaitupa kimya na hosti inabaki kutuma tena na tena kitu kile kile.

Kipimo chake, cha kwanza ni kwa ESXi (mfumo wa VMware unaoendesha hosti), cha pili kwa Linux ikiwemo Proxmox:

vmkping -I vmk2 -d -s 8972 10.10.20.5
ping -M do -s 8972 10.10.20.5

Ni 8972 na sio 9000 kwasababu baiti 20 zinachukuliwa na kichwa cha IP na 8 za ICMP. Ile -d na ile -M do zinakataza pakiti kukatwa vipande, usiziache, bila hizo pakiti itakatwa na utapata jibu zuri ambalo ni la uongo. Na ile -I vmk2 (vmk ni poti ya mtandao ya ESXi yenyewe) inahakikisha unapima kutokea kwenye poti ya stoeji na sio poti ya usimamizi. Kama 8972 inagoma na 1472 inapita umeshampata mchawi, sasa tembea hatua kwa hatua, vmk, halafu vSwichi (swichi ya ndani ya hosti), halafu poti ya swichi, halafu kebo inayounganisha swichi na swichi (hii ndo inasahaulika sana), mwisho poti ya stoeji. Kwenye Proxmox kumbuka kadi yenyewe, bondi (kadi kadhaa zilizofungwa kuwa moja) na briji (swichi ya ndani ya hosti) kila kimoja kina MTU yake. Swichi nyingi utaziweka 9216 kabisa, isiwe 9000 kamili, kwasababu baadhi zinahesabu na kichwa cha Ethernet ndani.

Na kwa maoni yangu, kama mtandao wako ni wa giga 1 na swichi zinaguswa na watu watatu tofauti, acha 1500 kote. Faida ya jumbo ipo lakini kwenye giga 1 ni ndogo, hasara ya poti moja iliyosahauliwa ni siku nzima ya kazi kusimama.

"Hosti moja inaona, jirani yake haioni"

Hapa panda ngazi kutoka chini, usiruke. Taa ya poti inawaka? Ping inapita? Poti iko wazi? Hii ya poti unapima na nc -z 10.10.20.5 3260 kwa iSCSI, au 2049 kwa NFS, na kwa NFS v3 kumbuka inahitaji na 111 pamoja na poti ya mountd, wakati v4 inatosheka na 2049 peke yake.

Ping ikigoma angalia VLAN. VLAN ni kugawanya swichi moja iwe kama mitandao kadhaa isiyoonana, kila mmoja na namba yake kati ya 1 na 4094. Kosa linalojirudia ni kuweka tagi sehemu mbili, yaani poti ya swichi imewekwa ya aksesi (ya VLAN moja tu, bila tagi) kwenye VLAN 20, na kule ESXi poti grupu nayo imeandikwa 20, matokeo yake hosti inatuma fremu zenye tagi kwenye poti inayotegemea fremu zisizo na tagi. Chagua moja. Kama poti ya swichi ni tranki (inapitisha VLAN nyingi kwa tagi) basi tagi inawekwa kwa hosti, kama ni ya aksesi basi kwa hosti acha 0.

Ping ikipita na poti ikawa wazi lakini LUN haionekani, mtandao umemaliza kazi yake, sasa ni ruhusa. Stoeji inatunza orodha ya IQN zinazoruhusiwa kuona LUN fulani, na hosti mpya haimo, au IQN imekosewa herufi moja, au nywila ya CHAP (ya kuthibitisha hosti kwenye stoeji) haifanani. Kopi IQN kutoka kwenye hosti yenyewe, usiandike kwa mkono.

Kuna ndugu yake huyu tatizo ambaye ni mbaya zaidi, hosti mbili zinapokezana, A ikiwa hewani B inakatika, B ikirudi A inakatika, na kwenye logi unaona kulogi na kulogi upya bila kuisha. Hii inatokea sana kwa wanaokloni diski ya hosti moja ili kupata hosti ya pili haraka. Kloni inabeba na IQN. Stoeji inaona ni inishieta yule yule amerudi, inafunga mazungumzo ya zamani inafungua mapya. Kwa Linux fungua faili la /etc/iscsi/initiatorname.iscsi kwenye kila hosti ulinganishe, yakifanana tengeneza jina jipya kwa iscsi-iname, ukaliongeze kwenye stoeji, ndipo uristati huduma ya iscsid.

Na hapo hapo, naomba hili lisomwe taratibu: LUN moja kuonekana na hosti mbili haina maana ni salama hosti zote mbili kuiandikia. VMFS, mfumo wa mafaili wa VMware, imetengenezwa kwa kazi hiyo, hosti zinafungiana mafaili kwa utaratibu. ext4 na XFS hazijui kama kuna mwenzake anaandika. Ukimaunti ext4 kwenye hosti mbili kwa wakati mmoja data itaharibika, na hakuna mipangilio ya mtandao itakayoirudisha. Kwenye Proxmox wengi wanaweka LVM juu ya ile LUN na kuitia alama ya pamoja, kisha klasta yenyewe inasimamia nani anagusa nini.

Kwa wa Fibre Channel mambo ni yale yale majina tofauti. Badala ya IQN kuna WWPN, namba ya tarakimu 16 za heksa iliyoko kwenye kadi, na badala ya VLAN kuna zoni kwenye swichi. Kama kadi ya HBA iliungua na ikabadilishwa, WWPN imebadilika nayo, kwahiyo zoni na orodha ya stoeji zote mbili zinamtafuta mtu ambaye hayupo tena.

"Inapotea, inarudi yenyewe"

Tatizo la kuja na kuondoka linachosha kuliko lililokufa moja kwa moja. Uliza kwanza inarudi baada ya muda gani.

Ikiwa inarudi baada ya nusu dakika hivi kila mara linki ikianguka au hosti ikibuti, angalia STP, itifaki inayozuia mizunguko kwenye swichi. Ile ya zamani inasubiri sekunde 15 kusikiliza na 15 kujifunza kabla ya kufungua poti, jumla 30, na kwa diski hizo ni nyingi mno. Poti inayoenda kwa hosti au kwa stoeji iambie swichi kuwa ni poti ya mwisho, Cisco wanaita portfast, ifunguke mara moja. Usiiwashe kwenye poti inayoenda swichi nyingine.

Ikiwa inapotea kwa dakika kadhaa bila mpangilio, shuku IP mbili zinazofanana. Mtu kaweka printa au kamera kwa IP ya stoeji, na hosti zinakuwa zinapelekwa huku na kule kutegemea nani kajibu ARP (ombi la kuuliza IP hii ni ya MAC ipi, yaani namba ya kadi ipi) mwisho. Kwenye Linux andika arping -I ens19 10.10.20.5 kutoka mashine ya pembeni, ukipata majibu kutoka MAC mbili hauna haja ya kuendelea kutafuta. Kwenye ESXi ni esxcli network ip neighbor list, angalia MAC ya stoeji, andika pembeni, subiri tatizo lijirudie, angalia tena kama imebadilika. Dawa ya kudumu ni VLAN ya stoeji isiyoingiliwa na kitu kingine chochote, hata kompyuta ya bosi.

Ikiwa haina mpangilio kabisa, ni waya. Na hapa nataka nikuonyeshe namna ya kuitazama ikitokea. Fungua terminali ya hosti, andika

watch -n 2 'ethtool -S ens1f0 | grep -iE "crc|err|drop"'

halafu terminali ya pili anzisha kukopi faili kubwa kwenda kwenye datastoo. Usishtuke ukikuta namba kubwa, inaweza kuwa ni ya tangu hosti iwashwe. Angalia kama inapanda wakati kopi inaenda. CRC ikipanda kila sekunde mbili maana yake fremu zinafika zimeharibika njiani, na programu haziharibu fremu hivyo, ni kebo, SFP (kiunganishi kinachochomekwa kwenye poti) au poti. Kwenye ESXi ni esxcli network nic stats get -n vmnic2, unairudia kwa mkono. Badilisha kitu kimoja kimoja, kebo kwanza, halafu SFP, halafu poti ya swichi, na kila ukibadilisha rudi kwenye ile terminali uangalie. Ukibadilisha vyote kwa pamoja tatizo litaisha ila hutajua kibovu ni kipi, na kile kibovu kitarudi kabatini kisubiri kuwekwa kwingine. Kwa faiba ondoa kwanza vumbi kwenye ncha kwa kifaa chake, usiguse kwa kidole wala usifute na shati, na angalia kama haijakunjwa kona kali nyuma ya raki. Chumba cha seva ambacho dirisha linafunguliwa AC ikiharibika kina vumbi la kutosha kuua linki.

"Iko hewani ila slow"

Kabla hujasema neno slow pata namba. Kwenye ESXi andika esxtop, bonyeza u uone kila LUN. DAVG ni muda ambao ombi linatumia nje ya hosti, yaani mtandao pamoja na stoeji, KAVG ni muda linaosubiri ndani ya hosti. DAVG ikikaa juu ya milisekunde 20 hadi 25 kwa muda mrefu, tatizo liko nje. KAVG ikizidi 2 mara kwa mara, foleni imejaa ndani ya hosti yenyewe, stoeji haina kosa.

DAVG kubwa sio lazima iwe diski. Fikiria una njia mbili na multipathi inafanya raundi robini, inapeleka maombi njia hii kisha ile (ESXi kawaida inahama kila baada ya maombi 1000). Njia moja ina faiba chafu ya kupoteza pakiti chache. Haijafa, kwahiyo multipathi haiiondoi, inaendelea kuipa nusu ya kazi, na TCP inarudia kutuma kilichopotea, matokeo yake LUN nzima inaonekana slow huku kila kitu kikiwa kijani. Zima njia moja kwa makusudi, upime, iwashe, uzime nyingine, upime. Njia ambayo ukiizima kasi inapanda ndiyo mbovu. Kwa Linux orodha ya njia unaipata kwa multipath -ll, na hakikisha kweli ziko njia nyingine zinazofanya kazi kabla hujazima yoyote!

Swali lingine la kila siku: "nimefunga kebo nne za giga 1 kwa LACP mbona inagota kwenye megabaiti 110 kwa sekunde?" Kwasababu giga 1 kwa hesabu ya juu kabisa ni megabaiti 125, ukitoa vichwa vya pakiti ndo inabaki hiyo 110 na kitu, na LACP haigawi mazungumzo mamoja kwenye kebo nne, inachagua kebo moja kwa mazungumzo hayo na kubaki nayo. Gari moja kwenye barabara ya njia nne haikimbii mara nne. NFS v3 kwenye ESXi kwa kawaida inapitisha data ya datastoo moja kwa muunganisho mmoja, kwahiyo itagota hapo hapo. Kwa iSCSI acha LACP, tumia multipathi, kila poti ya vmk iwe na kadi yake moja tu inayofanya kazi, nyingine ziandikwe hazitumiki kabisa, hata ya akiba isiwepo. Vmk zote zikiwa kwenye sabneti moja na tageti, unazifunga na adapta ya iSCSI, usipofanya hivyo ESXi inaweza kuchagua vmk moja na kupitisha kila kitu huko. Zikiwa kwenye sabneti tofauti na swichi tofauti, huhitaji kuzifunga, na mimi binafsi napenda mpangilio huu wa pili kwasababu swichi moja ikifa unajua hasa nini kimekatika.

Na kabla hujanunua chochote cheki muda wa bakapu. Kama slow inaanza saa sita usiku na kuisha alfajiri, huna tatizo la mtandao, una VM zote zinazobakapiwa kwa wakati mmoja.

"NFS imemauntika ila haiandiki"

Mara nyingi ni root_squash. ESXi inakuja kwenye NFS kama root, yaani msimamizi mkuu, seva ya NFS inamshusha root kuwa mtu wa kawaida, anaona mafaili lakini hawezi kutengeneza. Kwenye faili la exports weka no_root_squash, ila kwa IP za hosti zako tu, usiandike nyota. Halafu hakikisha hosti zote zimemaunti kwa maandishi yanayofanana herufi kwa herufi, moja ikitumia IP na nyingine jina, vCenter itaona datastoo mbili na kuhamisha VM kutakataa. Na kamwe usimaunti folda moja kwa v3 kwenye hosti hii na v4.1 kwenye hosti ile, namna zao za kufunga mafaili ni tofauti na VM inaweza kuwashwa pande mbili, diski yake ikaharibika.

Umeme umekatika, umerudi, VM zote zimeandikwa hazifikiki

Hii kwetu tunaijua. UPS imeisha, jenereta imechelewa, kila kitu kimezima, umeme ukirudi vyote vinajiwasha kwa pamoja na hosti zinamaliza kubuti wakati stoeji bado inakagua diski zake. Hosti zinatafuta LUN hazizioni. Hakuna kilichoharibika hapo, usianze kuondoa VM kwenye orodha wala kufomati chochote. Subiri stoeji ikae sawa, pingi kutoka kila vmk, kisha skani upya, esxcli storage core adapter rescan --all, datastoo zitarudi.

Ila kama stoeji ilikatika wakati hosti ziko hewani, soma vmkernel.log kwanza ujue ni APD au PDL. APD ni njia zote zimepotea na hosti haijui kwanini, inaendelea kujaribu kwa sekunde 140 ndipo inaanza kukataa maombi yasiyo ya VM, na VM zenyewe zinabaki zimening'inia. Hiyo ni dalili ya mtandao, rudisha waya au swichi, VM nyingi zitaendelea zilipoishia, ingawa Linux ndani ya VM inaweza kuwa imegeuza diski iwe ya kusoma tu na hiyo utairistati. PDL ni stoeji yenyewe imejibu kwamba LUN hii haipo tena, kwahiyo usihangaike na kebo, nenda kaangalie nani kagusa ruhusa au kafuta LUN.

Utaratibu wa kuwasha uandikwe na ubandikwe kwenye mlango wa raki: swichi za stoeji, halafu stoeji, subiri iwe tayari, halafu hosti, halafu VM. Hakikisha pia stoeji haijamauntiwa kwa jina linalotegemea DNS ambayo ni VM iliyolala juu ya stoeji hiyo hiyo, kwasababu hosti itauliza jina, DNS haijawaka, na DNS haiwezi kuwaka mpaka hosti ione stoeji. Tumia IP, au weka jina kwenye /etc/hosts ya kila hosti leo hii kabla umeme haujakatika tena.